Mtihani wa Kusoma Kizungu Haupitwi kwa Tuisheni ya Wiki Mbili



Dada yangu unayesomea uuguzi, na wewe kaka ambaye mdogo wako au mke wako anausomea, haya maneno ni yenu. Hapa Majengo ukikaa na wanafunzi wa uuguzi, mpango unaousikia ni ule ule: nimalize chuo, nipate leseni, nifanye ule mtihani wa Kizungu, niende Uingereza. Chuo wanakipangia miaka mitatu. Leseni wanaipangia miezi. Mtihani wa Kizungu wanaupangia wiki mbili za tuisheni na fotokopi alizopewa na rafiki.

Mimi nasema hapo ndipo tunapoumia. Na nasema si kosa la mwanafunzi peke yake, sisi kama jamii tuna mkono wetu ndani.

Tuanze na kisa ambacho Kenya nzima ilikisikia. Julai 2021 serikali yetu na ya Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya kufanya kazi huko, hasa wale waliosoma wakamaliza na hawana kazi. Oktoba mwaka huo huo, Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza na waliopita ni 10. Kumi tu. Mtandaoni watu walicheka wiki nzima, wakaandika vichekesho juu ya manesi wasiojua Kizungu.

Sasa wacha tufikirie bila kucheka. Hao 290 walioanguka walifanya KCSE kwa Kiingereza, wakasoma chuo kwa Kiingereza, wakafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi kwa Kiingereza. Kila zamu muuguzi anaandika faili la mgonjwa kwa Kiingereza. Utaniambia hawajui lugha? Wanaijua. Kitu walichokosa ni maandalizi ya mtihani wa aina ile. Kujua Kizungu ni jambo moja, na kusoma Kizungu usichokizoea, kwa kasi, huku saa inakimbia, ni jambo lingine.

Angalia mtihani wenyewe ulivyo. IELTS Academic ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea. Ile ya kusoma ina vifungu vitatu virefu, maswali 40, dakika 60. Vifungu vyote vitatu pamoja ni maneno kati ya 2,150 na 2,750. Ukigawanya, kila swali lina dakika moja na nusu, na ndani ya hiyo dakika na nusu umo muda wa kusoma kifungu pia. Ukifanya kwa karatasi, hupewi muda wa ziada wa kuhamisha majibu. Na mada si za hospitali. Leo ni wanyama wa baharini, kesho ni historia ya kioo, kesho kutwa ni vile watu wa mjini wanavyopanga barabara.

Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka alama 7 katika kusoma, 7 kusikiliza, 7 kuongea na 6.5 kuandika. Kwa kusoma, 7 inakuja ukipata karibu majibu 30 kati ya 40. Ukipata 27 au 28 uko kwenye 6.5. Maswali mawili matatu hivi, na pesa ya ada, makumi ya maelfu ya shilingi ambayo mama alitoa kwa chama, imeenda. Matokeo nayo yanakaa miaka miwili, baada ya hapo ni kama hukuwahi kufanya.

Kwa hivyo usiingie pale kwa kubahatisha.

Sasa kwa nini tunaanguka kwenye kusoma? Jibu langu ni hili: shule zetu hazikutufundisha kusoma, zilitufundisha kukariri. Mwalimu anakuja na nukuu zake, anasoma, unaandika, unameza, unatapika kwenye karatasi. Chuoni ni vile vile, tofauti ni kwamba nukuu zinatumwa kwa WhatsApp. Unaweza kumaliza diploma nzima bila mtu hata mmoja kukuwekea mbele kurasa tatu za habari usiyoijua, akuulize mwandishi anaamini nini na ni wapi umeona hivyo.

Na kuna mtego mwingine unaomkamata muuguzi zaidi ya mtu yeyote. Kwenye karatasi utapewa sentensi, uambiwe uchague: True, False au Not Given. Yaani kifungu kimesema hivyo, kifungu kimesema kinyume, au kifungu hakijasema kitu. Hiyo ya tatu ndiyo inayomaliza watu. Wacha nikupe mfano wa hapa hapa nyumbani. Tuseme kifungu kimeandika: Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926. Halafu maswali ni haya mawili:

Pumwani ilianzishwa baada ya Kenya kupata uhuru. Jibu ni False, manake 1926 ni kabla ya 1963.

Pumwani inazalisha akina mama wengi kuliko hospitali zingine za Nairobi. Hapo wewe mtoto wa Majengo, uliyezaliwa pale pale, utaandika True haraka haraka. Jibu ni Not Given. Kifungu hakijagusa hiyo habari. Unaijua wewe, karatasi haiijui.

Umeona? Muuguzi amefundishwa kuongeza anachokijua juu ya anachokiona. Anaona mtoto ana homa na anatetemeka, akili inakimbia mbele yake. Wodini hiyo inaokoa maisha. Kwenye mtihani wa kusoma inakunyima alama. Ujuzi wako uache mlangoni, jibu kwa kilichoandikwa tu.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaambiwi. Tangu 2017 NMC inakubali pia mtihani unaoitwa OET, uliotungwa kwa watu wa afya. Kule unasoma habari za wodi: miongozo ya dawa, barua za kazini, makala za tiba. Kusoma ni maswali 42 kwa dakika 60, na sehemu ya kwanza ni dakika 15 tu kwa maswali 20, kwa hivyo kasi iko pale pale. Unahitaji daraja B kwa kusoma. Ada yake ni kubwa kuliko ya IELTS, lakini kwa mtu anayeelewa haraka lugha ya hospitali kuliko habari za wanyama wa baharini, huenda ikawa nafuu mwishowe kuliko kurudia IELTS mara tatu. Mitihani yote miwili ina majaribio ya bure kwenye tovuti zao rasmi. Fanya moja ya kila upande, pima kwa saa, uamue kwa matokeo yako. Usiamue kwa sababu shoga yako alifanya ile.

Na masharti yasome kwenye tovuti ya baraza lenyewe, usiyasikie kwa wakala. Kwa mfano, kuna nafasi ya kuunganisha matokeo ya mara mbili yaliyofanywa ndani ya miezi 12, na ina masharti yake. Kuna watu wamerudia mtihani mzima hawajui kama hiyo nafasi ipo.

Sasa tuje kwa dawa. Wengi wetu hapa tumekaa chini kwa mwalimu wa madrasa. Unakumbuka ulivyohifadhi? Aya chache kila siku, unasomesha kwa mwalimu, kesho unarudi kwenye ya jana, Ijumaa unapitia ya wiki nzima. Hakuna mtu amehifadhi juzuu kwa usiku mmoja. Nidhamu hiyo unayo tayari, ulipewa ukiwa na miaka sita. Ihamishe tu. Lakini jua tofauti: tajwidi ilikufundisha utulivu na sauti ya kila herufi, na huu mtihani unataka maana, tena mbio. Usisome kila neno kwa uzito mmoja. Pitisha macho kwanza ujue kifungu kinazungumzia nini na kila aya inafanya kazi gani, halafu soma swali, halafu rudi usake mahali jibu lilipo.

Mimi ningekuambia ujipe miezi sita, si wiki mbili. Baada ya Alfajiri, nusu saa kila siku, soma makala moja ya Kiingereza ambayo haihusu tiba. Ukishamaliza funga, mweleze mtu nyumbani kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, mwandishi alikuwa anasema nini. Kama huwezi kumweleza mama yako kwa Kiswahili, basi hukuelewa, ulipitisha macho tu. Weka daftari la maneno yanayofanana maana, kwa sababu mtihani huu hauulizi kwa maneno yale yale ya kifungu. Kifungu kitasema idadi ilipungua, swali litasema watu walikuwa wachache zaidi. Mara moja kwa wiki fanya jaribio zima kwa dakika 60, simu imezimwa. Angalia uliyokosa na uandike ni kwa nini ulikosa. Na usiache nafasi wazi hata moja, kwa sababu jibu baya halikupunguzii alama.

Bando imeisha? Gazeti la jana lipo kwa kinyozi na halina mtu analisoma. Kaloleni kuna maktaba, Makadara kuna maktaba, zote ni matawi ya McMillan, na kutoka Majengo si safari. McMillan yenyewe ipo jirani na msikiti wa Jamia. Ilifunguliwa 1931, na miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Fikiria babu zetu walioswali Jamia, wakitoka wanapita mlango ambao haukuwa wao. Leo mlango si wa rangi tena, na sisi tunapita tu kwenda kushika matatu.

Najua maswali utakayoniuliza.

La kwanza: kwa nini tupimwe Kizungu hata kidogo, si huu ni ukoloni? Hoja ina uzito. Aliyesomea uuguzi Jamaica au Australia anapokelewa kwa lugha yake bila mtihani, na Mkenya aliyesoma miaka yote kwa Kiingereza anaambiwa athibitishe. Vijana wa Nigeria mwaka 2021 walianzisha kampeni ya #ReformIELTS kuidai Uingereza iangalie upya masharti haya, na hata hiyo miaka miwili ya matokeo kuisha waliihoji. Nawaunga mkono, na sisi Wakenya tulifaa tuwe na sauti pale. Lakini mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa na mtu anayeelewa maandishi ya dawa yake. Hiyo hata wewe ungeitaka kwa mama yako. Kwa hivyo tupige kelele huku tunasoma. Kelele zikifaulu utakuwa hujapoteza kitu.

La pili: mnawafukuza wauguzi waende, nani atabaki Pumwani? Hili linanigusa, kwa sababu wanaojifungua pale ni dada zetu. Lakini mtu aliyehitimu akakaa nyumbani bila kazi haimsaidii Pumwani wala Majengo. Na kusoma vizuri si tiketi ya ndege peke yake. Ukibaki hapa utasoma miongozo mipya ya matibabu, utasoma karatasi iliyo ndani ya boksi la dawa, na utamgeuzia mgonjwa kwa Kiswahili anachokielewa. Nyanya wa hapa mtaani hataki muuguzi anayeongea Kizungu kwa pua. Anataka anayekielewa na kumfikishia.

La tatu linatuhusu zaidi kama harakati ya kutetea haki. Mkataba wa kazi unaandikwa kwa lugha gani? Ni dada wangapi wa mitaa yetu wamepanda ndege kwenda Ghuba na karatasi waliyoitia saini bila kuisoma, wakafika wakaambiwa mshahara ni mwingine na kazi ni nyingine? Mtu aliyezoea kusoma kurasa tatu na kuuliza hapa wamesema nini na hapa wamenyamaza nini, huyo si rahisi kudanganywa. Ile Not Given ya mtihani ndiyo hiyo hiyo ya mkataba: hawajaandika siku ya mapumziko, hawajaandika nani anashika pasipoti. Ukijifunza kuona kilichonyamaziwa, umejipa ulinzi kabla hujahitaji wakili.

Nimalizie hapa na onyo. Mtaani kuna wanaouza matokeo, wanakuambia toa pesa upitishwe. Kwanza ni haramu, ni kughushi juu ya maisha ya wagonjwa. Pili, wanakaguliwa. Mwaka 2023 NMC ilitangaza kuchunguza matokeo ya kutilia shaka ya mtihani wa kompyuta wa uuguzi kutoka kituo kimoja cha Nigeria, na watu waliokuwa tayari kazini Uingereza wakajikuta kwenye maswali. Usijiingize.

Dini yetu haitupi kisingizio. Neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma. Mateka wa Badr waliojua kuandika, fidia yao ilikuwa kufundisha watoto wa Madina. Zayd bin Thabit, radhi za Allah ziwe juu yake, aliagizwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu wa kuaminika, na akayajua kwa muda mfupi sana. Kujifunza lugha ya wengine kwa sababu kazi inaitaka hakukupunguzii imani. Na uuguzi si kazi tuliyoletewa na wageni. Rufaida al-Aslamiyya aliweka hema lake msikitini Madina, na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa Khandaq alipelekwa kwake. Huyo ndiye mtangulizi wako, dada.

Kwa hivyo nina maombi kwa watu watatu.

Kamati za misikiti na madrasa: chumba kinakaa bure Jumamosi asubuhi. Kifungueni. Meza, taa, na saa ya ukutani. Watu watano wakifanya jaribio pamoja na kusahihishana wanafika mbali kuliko mmoja aliyelipia tuisheni ya mjini.

Akina mama wa vyama na wanaotoa sadaka: msitoe ada ya mtihani kwa machozi, toeni kwa kipimo. Mwambieni msichana, ukileta majaribio matatu yaliyofuatana yenye 32 au zaidi kati ya 40, ada tunalipa yote. Huko ni kumheshimu, na ni kulinda pesa ya wajane.

Na nyinyi wazazi na kaka: mpeni hiyo nusu saa. Msichana anatoka zamu ya usiku, anakuta sufuria, maji na watoto vinamngoja, halafu tunashangaa amepata 6.5. Kaka, sufuria haikuchomi mkono. Osha.

Jambo la mwisho ni ID. Siku ya mtihani utaombwa kitambulisho, na safari inataka pasipoti, na pasipoti inataka ID. Sisi tunajua vijana wa Kinubi, wa Kisomali na wa pwani walivyozungushwa na kamati za uchunguzi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tangazo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada. Kwa hivyo ukifika kaunta ukaanza kuulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi, andika tarehe, andika ofisi, na utuletee. Usingoje wiki ya kujiandikisha mtihani ndipo ukumbuke huna karatasi.

Kesho baada ya Alfajiri chukua makala moja, weka saa, soma. Mpigie simu mwenzako mmoja asome hiyo hiyo, mjadiliane jioni. Kundi linaanza na wawili. Mkifika watano, tuandikieni tuwatafutie chumba.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullah.